Tupeane uzoefu: filamu ya rangi na ya nyeusi na nyeupe unayoiamini ni ipi, na imekufaa wapi?

Mpigapicha wa Pwani

Wanajukwaa, salaam. Wiki hii tumepanga upya makabati ya marehemu baba, na katika bahasha moja nikakuta negativu zake za miaka mingi. Zile za rangi zimefifia, lakini za nyeusi na nyeupe, ambazo ni kongwe zaidi, ukizinyanyua dirishani unaona hata mshono wa kanzu na nakshi za mlango. Naomba kila mmoja ataje filamu moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe anayoiamini, na aeleze imemfaa wapi.

Mimi naanza. Kwa rangi ni Kodak Portra 400, kwa nyeusi na nyeupe ni Ilford HP5 Plus. Portra naipiga kama ISO 200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga; ikipungua, filamu inapewa mwanga zaidi), kwa kuwa negativu ya rangi huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, na nyuso zetu ndizo zinazoumia kwanza mwanga ukipungua. Bwana harusi akiwa na kanzu nyeupe, na jua la saa saba liko utosini, ukipima mwanga kwenye kanzu utapata kanzu nzuri na uso usio na macho. Mimi hupima shavuni, kanzu nikaiachia filamu ijitegemee.

Kopo Jeusi

HP5 hapa pia. Sina la kuongeza.

Mzee wa ASA

HP5 ni nzuri, wanangu, sikatai, lakini mimi ni mtu wa Kodak Tri-X, ambayo kwa kamera za milimita 35 ipo tangu 1954. Ukumbi wa taarabu hauna mwanga, na fleshi inawaudhi wapiga fidla na kinamama wanaotunza. Tri-X ukiipiga kama 1600 na kuiongezea muda kwenye dawa, inakupa picha. Chengachenga, yaani vile vidoa vidogo vya filamu, zitakuwepo na hazidhuru. Waliowahi kuingia Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, wanajua picha nyeusi na nyeupe zinavyoipendeza pwani yetu, yenye kuta za chokaa, mabuibui meusi, na vivuli vya kila aina katikati.

Kwa rangi nilikuwa mtu wa Kodachrome. Ilianza 1935, Kodak wakaacha kuitengeneza 2009, na maabara ya mwisho kuisafisha (yaani kuitia dawa picha zitokee), Dwayne's Photo ya mji wa Parsons, jimbo la Kansas, ilifunga kupokea mikanda Desemba 30, 2010. Slaidi zangu nimezitunza gizani, na wekundu wa kanga ni ule ule.

Binti Forodhani

Shikamoo mzee. Kwa kanga, bahari na tanga la ngalawa, mimi sina nyingine zaidi ya Kodak Ektar 100. Chengachenga zake ni ndogo mno, hata ukiikuza picha ukaitundika sebuleni. Watu siwapigi nayo, kwa sababu nyuso zinatoka na wekundu usio wao.

Lenzi ya Kariakoo

Dada, hapo sikubaliani nawe. Ektar kwenye ngozi nyeusi wakati wa machweo inatoa rangi ya shaba ambayo Portra haiifikii. Wekundu unaousema unaletwa na anayeskani, ambaye mashine yake imepangwa kwa ngozi nyingine. Tusisahau kwamba kwa miongo mingi kadi za vipimo za Kodak, zile zilizoitwa Shirley, zilikuwa na mwanamke wa Kizungu peke yake, na maabara zikarekebisha rangi za ulimwengu mzima kwa uso huo. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Usiilaumu filamu kabla hujamuuliza aliyeiskani.

Binti Forodhani

Ndugu, negativu zangu naziskani mwenyewe nyumbani. Naheshimu historia uliyoileta, na ni ya kweli, lakini nilichokiona kwa macho yangu siwezi kukiondoa.

Mjukuu wa Shela

Samahani nitaandika kwa urefu, maana mada hii imenigusa pabaya.

Bibi yangu hakupenda kupigwa picha. Mwaka ule, Maulidi ya Lamu yalipofika, alikubali mwenyewe bila kuombwa. Aliketi barazani Shela, asubuhi mapema, mtandio mweupe kichwani, akisuka ukili kama alivyokuwa akifanya siku zote, na mimi nikampiga mkanda mzima wa HP5 bila haraka. Picha ya mwisho aliniangalia machoni akacheka.

Mkanda nikaupeleka maabara moja mjini, nikamwambia kijana wa mapokezi kwamba ni wa nyeusi na nyeupe, naye akaandika kwenye bahasha. Niliporudi nikapewa ukanda unaong'aa kama plastiki ya kufunikia daftari. Hakukuwa na picha hata moja, wala zile herufi na namba za pembeni zinazotaja jina la filamu. Nikaambiwa kamera yangu ni mbovu na mkanda haukupigwa.

Baadaye nilielewa. Mkanda ambao haukupigwa, ukisafishwa sawasawa, bado una herufi za pembeni. Wao waliutia kwenye mashine ya C-41, yaani dawa za rangi. Katika dawa hizo, fedha yote iliyomo kwenye filamu huyeyushwa na kuondolewa, na picha hubaki kwa sababu filamu ya rangi imeshatengeneza rangi zake mahali pa ile fedha. HP5 haina rangi za kubaki; picha yake ni fedha tupu, na fedha ikiondoka, kila kitu kimeondoka. Bibi alifariki kabla ya Ramadhani.

Tangu siku hiyo, kwa nyeusi na nyeupe natumia Ilford XP2 Super tu. Imeundwa kusafishwa kwa C-41, kwa hiyo maabara yoyote inayosafisha rangi inaiweza, na ukiipiga popote kati ya ISO 50 na 800 unapata picha. Filamu ninayoipenda ni ile itakayorudi ikiwa na picha.

Kopo Jeusi

Pole sana, ndugu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Chumba cha Giza

Pole sana. Hata hivyo nitasema ninachoamini: XP2 siyo jawabu, jawabu ni kusafisha mwenyewe. Picha ya XP2 ni ya rangi za kemikali na inaweza kufifia kama negativu za rangi za baba wa mleta mada, ilhali fedha hudumu. Tangi, dawa ya kukuza inayotokeza picha, dawa ya kugandisha inayoizuia isiharibiwe na mwanga, na mfuko mweusi wa kuingizia mikono, hivyo tu. Mkanda wa kumbukumbu usimkabidhi mgeni.

Mjukuu wa Shela

Unasema "hivyo tu" kwa sababu una maji na una chumba. Mimi naishi Muscat katika nyumba ya kupanga na wenzangu, na wakati wa kiangazi bomba la maji baridi linatoa maji ya moto.

Mzee wa ASA

Msigombane, nyote mna hoja. Dawa ya D-76, ya kukuzia nyeusi na nyeupe, inataka nyuzi 20, na hata Dar es Salaam wakati wa kaskazi bomba halishuki huko. Mimi huweka chupa za dawa kwenye beseni la maji na barafu, kipimajoto ndani, nikasubiri. C-41 inataka nyuzi 38, na kwetu kupasha maji kidogo ni rahisi kuliko kuyapoza, ila hapo ukikosea hata nusu nyuzi rangi zinayumba.

Lenzi ya Kariakoo

Na mikanda iwekeni kwenye friji.

Binti Forodhani

Friji iliniharibia mikanda kwa unyevu. Mimi naweka kabatini.

Chumba cha Giza

Friji ni sahihi, lakini usifungue kopo likiwa la baridi. Liache nje saa kadhaa lifikie joto la chumba, ndipo ufungue, na umande hautaingia.

Mgeni wa Tanga

Nimerithi kamera ya babu, haina betri wala kipima mwanga. Nianze na filamu ipi?

Kopo Jeusi

HP5.

Mpigapicha wa Pwani

Anza na rangi, Kodak Gold 200, kwa kuwa ni rahisi kuipata sehemu ya kuisafisha. Jua likiwa wazi, weka lenzi f/16 (namba ya tundu la lenzi; ikipungua, tundu linapanuka) na shata 1/250 ya sekunde. Mtu akiwa kivulini, fungua hadi f/4. Ukitaka nyeusi na nyeupe baadaye, kabla hujanunua nenda kwanza kwenye maabara unayoitegemea, waulize wanasafisha kwa dawa gani, na uombe uonyeshwe negativu ya nyeusi na nyeupe waliyoisafisha wenyewe.