Je, ni riwaya ya Stowe iliyoipeleka Marekani vitani?

Mleta mada: Wakuu, kila ikitajwa Uncle Tom's Cabin, riwaya ya Harriet Beecher Stowe kuhusu utumwa, huletwa maneno ya Rais Lincoln kwamba Stowe ndiye mwanamke mdogo aliyeanzisha vita kubwa, ile ya Kaskazini na Kusini ya 1861 hadi 1865. Maneno hayo yalianza kuchapishwa miaka ya 1890, Lincoln keshakufa zamani. Tuyaweke kando, tutazame kura. Kitabu kilitoka Machi 1852, na ndani ya mwaka mmoja nakala kama 300,000 ziliuzwa Marekani. Novemba 1852 chama cha Free Soil, kilichopinga kuenea kwa utumwa, kiliambulia karibu asilimia 5 ya kura za urais. 1848 kilipata 10. Sasa moto aliouwasha uko wapi?

Mchangiaji wa 1: Ulinganisho huo haukai sawa, mkuu. 1848 mgombea wao alikuwa Martin Van Buren, rais mstaafu, aliyevuta Wademokrati wa New York waliogombana na wenzao. 1852 wengi walisharudi chamani.

Ukitaka kuona kazi ya kitabu, anza na Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850. Kamishna, yaani ofisa aliyeamua kesi hizo, alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Aliyemficha mtoro alikabiliwa na faini hadi dola 1,000 na kifungo hadi miezi 6, na mtoro mwenyewe hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake. Stowe alifanya nini? Alimchukua seneta wa Ohio aliyetoka kuunga mkono sheria ya namna hiyo, akamletea nyumbani Eliza, mtumwa mtoro, na mtoto wake, miguu ikivuja damu baada ya kuvuka mto juu ya mabarafu. Usiku uleule seneta anawatorosha kwa gari lake la farasi. Msomaji wa Kaskazini, kwenye majimbo yasiyo na utumwa, aliyezoea kusema "hayanihusu" alijiona mle ndani, akalazimika kuchagua.

Mchangiaji wa 2: Na wenye watumwa waliiogopa. Mwaka 1857 Samuel Green, mhubiri mweusi aliye huru huko Maryland, alihukumiwa miaka 10 jela kwa kukutwa na kitabu hicho. Akatolewa 1862 kwa sharti la kuhama jimbo. Watu hawamfungi mtu miaka 10 kwa hadithi isiyo na nguvu.

Mchangiaji wa 3: Nguvu ilikuwepo, lakini weusi waliilipia. Martin Delany alilalamika mapema, 1853, na Frederick Douglass akamtetea Stowe; wote wawili walikuwa waandishi weusi waliopinga utumwa. Kwangu Delany ana hoja nzito: George Harris, mume wa Eliza, msomi na mpiganaji, mwishoni anapelekwa Liberia, kana kwamba Marekani si kwake.

Madhara makubwa zaidi yalitoka jukwaani. Hakimiliki ya wakati ule haikuzuia mtu kugeuza riwaya kuwa tamthilia, hivyo kila kampuni ilijifanyia itakavyo, wazungu wakijipaka masizi na kuchekesha. Tom, mtumwa ambaye kitabu kinabeba jina lake, kitabuni ni mwanamume mwenye kifua kipana na watoto wadogo, anayepigwa hadi kufa kwa kukataa kusema watumwa wenzake, Cassy na Emmeline, wamejificha wapi. Jukwaani akawa kikongwe mnyenyekevu. Jina lake likageuka tusi, la mtu mweusi anayejipendekeza kwa wazungu, kwa sababu ya huyo wa pili.

Mleta mada: La Van Buren nalikubali. Ila kilichovunja vyama ni Sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854, iliyowaachia walowezi wa huko waamue wenyewe kuhusu utumwa; ndiyo iliyozaa chama cha Republican, kilichopinga utumwa kuenea. Riwaya iliwakuta watu wa Kaskazini wameshaanza kusikia hoja dhidi ya utumwa.

Mchangiaji wa 1: Na waliwasikia akina nani, mkuu, kabla ya 1854?