Mikutano ya wanahisa mtandaoni: tupeane uzoefu, ipi halali na ipi si halali?

Wakuu, habari zenu. Korona imepita lakini kampuni nyingi zimeendelea kukutanisha wanahisa mtandaoni, na ubishi hauishi. Uliyewahi kushiriki, iwe kama mwanahisa, mkurugenzi au katibu, tuambie uliyoyaona.

Naanza. Mkutano wangu wa mwisho sauti zetu zilifungwa mwanzo mwisho. Maswali tuliandika, mtu tusiyemwona akayachuja, na yaliyohusu malipo ya wakurugenzi hayakusomwa hata moja. Hilo linaniuma mpaka leo. Sheria ya Kampuni ya Afrika Kusini ya 2008 inataka washiriki waweze kuwasiliana wao kwa wao kwa wakati mmoja, bila mtu wa kati. Natamani kila nchi iandike hivyo.

Katibu wa Kampuni
Pole sana ndugu. Mimi nasema kabla ya kutuma linki, fungua katiba ya kampuni. Australia, tangu 2022, mkutano usio na ukumbi kabisa unahitaji katiba iruhusu waziwazi. Kenya nako kampuni za soko la hisa zilianza kwa ruhusa ya Mahakama Kuu Aprili 2020, sheria ya kampuni yenyewe ikarekebishwa 2021. Wakurugenzi wangu walitaka tuitishe tu, katiba ikiwa bado inadai ukumbi. Nilikataa. Tulikutana ukumbini kwanza, tukapitisha azimio maalum (linalohitaji kura nyingi kuliko la kawaida) la kubadili katiba, ndipo tukahamia mtandaoni. Na notisi iseme kila kitu: namna ya kujisajili, kuuliza na kupiga kura, na siku ya mwisho ya kupokea fomu za uwakilishi, yaani za kumteua mtu akupigie kura. Linki peke yake haitoshi.

Hisa Chache
Kwetu tatizo lilikuwa kura. Mwenyekiti aliuliza, "Kuna anayepinga?" Kimya. Akatangaza azimio limepita, huku wenzetu wawili bado wanatafuta kitufe cha kufungua maikrofoni! Tulidai kura ya hisa, yaani kura zihesabiwe kwa idadi ya hisa za kila mtu, papo hapo, na ikabidi wakubali. Kunyoosha mkono kwenye skrini hakuoneshi nani ana hisa ngapi, wala kama anayenyoosha ndiye mwanahisa.

Mkurugenzi
Mtandao ukikatika je? Sisi ulikatika katikati ya hesabu za mwaka. Wenzangu waliporudi hewani walitaka kuendelea, nikaomba akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji inayotakiwa) ihesabiwe upya na muhtasari wa mkutano uandike saa tuliyokatika. Isomeni kesi ya Byng dhidi ya London Life: Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali watu wakutane wakiwa vyumba tofauti mradi mitambo iwawezeshe kuonana na kusikizana. Siku ya mkutano huo wa London Life mitambo ilishindwa, mwenyekiti akauhamishia mkutano ukumbi mwingine alasiri hiyohiyo, na uamuzi wake ukatenguliwa kwa kuwa haukuwapa wanachama wa kampuni hiyo nafasi ya kutosha ya kushiriki na kupiga kura.

Hisa Chache
Asante mkuu, hiyo sikuijua. Kuna yeyote humu aliyewahi kupinga azimio mahakamani kwa sababu alikatika wakati wa kura? Nataka kujua alitumia ushahidi gani.