Naomba ushauri: Ypres hadi Normandie na wanafunzi 30, nianze na tarehe ipi?

Wakuu, safari ni ya kuona maeneo ya Vita Kuu vya Kwanza na vya Pili vya Dunia, kwa basi moja, usiku wa kwanza Ypres (Ubelgiji), wa pili Bayeux (Normandie, Ufaransa). Pale Menin Gate, lango la kumbukumbu ya askari huko Ypres, tarumbeta hupigwa saa 2 kamili usiku, hivyo wanafunzi wale mapema. Kesho yake, kwa sheria za Ulaya, dereva haruhusiwi kuendesha kwa zaidi ya muda wa saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45. Nafikiria apumzike Thiepval, kwenye mnara wa kumbukumbu wa Vita Kuu vya Kwanza kaskazini mwa Ufaransa, penye majina ya askari zaidi ya 72,000 wasiojulikana walikozikwa.

Kinachonisumbua ni Arromanches, mji wa pwani karibu na Bayeux. Yale mabaki ya bandari ya muda ya majeshi ya Washirika ya 1944 yaliyo karibu na ufuko hufikiwa kwa miguu maji yakipwa tu, tena bora wakati wa bamvua, maji yanapopwa zaidi. Je, nifuate kwanza jedwali la maji ndipo nitafute hosteli? Au nichukue hosteli, na maji yakijaa tuanzie makaburi ya askari wa Kimarekani huko Colleville?