Naomba ushauri: waongoza wageni, wenye boti na wenye nyumba za wageni Kigoma tushirikiane vipi?

Mwongozaji_Ujiji: Wadau, nawasalimu. Ninaongoza wageni Ujiji, mahali Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871. Wengi wanaofika Kigoma wanafuata sokwe mtu wa Hifadhi ya Gombe. Wanaondoka na boti asubuhi, wanarudi jioni, na kesho yake wanasafiri bila kuikanyaga Ujiji, iliyo jirani kabisa na mji. Mwenye boti hanijui, mwenye nyumba ya wageni hamjui mwenye boti, na kila mmoja anamvizia mgeni peke yake. Kikundi tulichoanzisha kilivunjika kwa ugomvi wa mgawo wa fedha. Tuanzie wapi?

Nahodha_Kibirizi: Ndugu, msianze na mfuko wa fedha, anzeni na ratiba. Gombe haina barabara ya kuifikia, na boti ya kukodi hunywa mafuta yaleyale, awe amepanda mtu mmoja au sita. Nyumba ya wageni ikinipigia simu jioni kwamba ina wageni wawili, nami nikawaunganisha na wengine waliolala kwingine, kila mmoja analipa kidogo, na anayebakiwa na fedha huongeza siku. Siku hiyo ndiyo ya Ujiji.

Mama_Kwihara: Shikamooni wakubwa. Niko Tabora, karibu na tembe la Kwihara alilokaa Livingstone, na kwa kuwa njia ya misafara ya zamani ilipita Ujiji na Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, nasi tunaunganishwa na reli, tungeweza kupeana wageni. Kuhusu fedha, simuungi mkono Nahodha moja kwa moja: ratiba bila maandishi huzaa manung'uniko. Andikeni mapema kamisheni ya anayeleta mgeni, kisha mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ili kikundi kisajiliwe.

Mpenda_Hifadhi: Ongezeni sharti la afya. Sokwe mtu huambukizwa mafua yetu na wengine hufa, kwa hiyo mhudumu wa nyumba ya wageni akiona mgeni anakohoa amjulishe nahodha, na nahodha asimpeleke hata kama ameshalipa. Hapo ushirikiano unagharimu, na hapo ndipo mtajua nani yumo kwa dhati.

Mwongozaji_Ujiji: Marahaba, Mama, na asanteni nyote. Sharti la afya nalikubali, lakini nani arudishe nauli ya mgeni aliyezuiwa? Naona tuichange wote watatu, nahodha asibebe peke yake. Nahodha, nitakuandikia faraghani tuwaite wenye nyumba za wageni wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, tukubaliane hilo kwa maandishi kabla ya msimu wa kiangazi.