Naomba ushauri: kuwaingiza wanangu katika kadi ya UNRWA baada ya kufiwa na mume

MamaWawili: Ndugu zangu, naandika kutoka kambi ya Burj el-Barajneh, Beirut. Mimi ni mtu wa Kilifi. Nilikuja Lebanon kufanya kazi za nyumbani, kisha nikaolewa na Mpalestina wa hapa kambini. Mume wangu amefariki na kuniachia watoto wawili ambao hawamo katika kadi yoyote ya UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, hivyo hawapati shule wala zahanati ya shirika hilo, sembuse fedha za wasiojiweza. Je, kuongeza majina katika kadi ya familia huchukua muda gani?

KijanaWaMtwapa: Pole kwa msiba. Nenda UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Nilipokuwa nikifanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, tulipima mtama tangu alfajiri, na mama mmoja alikuwa akirudi kwenye foleni akiwa amebadilisha mtandio, nasi tukijifanya hatumtambui.

MsomajiDar: Kisa kizuri, lakini umempoteza dada. Wapalestina wa Lebanon, Jordan, Syria, Gaza na Ukingo wa Magharibi wako chini ya UNRWA, iliyoanza kazi Mei 1950. Dada, hiyo kadi ni ya nani?

MamaWawili: Ni ya familia.

MsomajiDar: Familia ya nani?

MamaWawili: Ya shemeji, mdogo wa marehemu. Ndoa yetu ilifungwa na shehe mbele ya mashahidi, lakini haikufikishwa mahakamani, na watoto hawana vyeti vya kuzaliwa. Shemeji amekubali waandikwe kuwa wanawe. Yeye ni ami yao na damu ni moja. Sioni aliyedhulumiwa, na picha zao nimekwisha kumpa.

UstadhiMkwajuni: Bibie, eda umemaliza? Kumnasibisha mtoto na asiye baba yake ni haramu, hata awe ami yake. Kesho kutwa wanao watahesabiwa ndugu wa baba mmoja na binamu zao, kisha mirathi na ndoa zao mtazipangaje?

Mchongoma: Mimi nilisoma kwa jina la marehemu kaka yangu hadi darasa la nane. Mpaka leo nikiitwa kwa jina langu nachelewa kuitika.

Mpekuzi: Samahanini, hadithi hii naitilia shaka. Mjane mwenye dhiki, tena anaandika Kiswahili cha insha? Kesho ataomba mchango, mtaona. Kama uko huko kweli, gunia la unga mnalogawiwa lina kilo ngapi?

MamaWawili: Hapa hatugawiwi unga. Tangu 2016 walio katika orodha hupewa fedha badala ya chakula. Nyaya za umeme na mipira ya maji vimesokotana juu ya vichochoro, hata mvua ikinyesha nawazuia watoto kutoka, na maji ya bomba yana chumvi, kwa hiyo ya kunywa tunanunua. Senti yako sijaiomba.

Mpekuzi: Maji ya chumvi hata Mombasa yapo.

MsomajiDar: Mpekuzi, hata kama amebuni, wapo wenye shida hiyo hiyo. Dada, UNRWA husajili kizazi cha upande wa baba, kuanzia kwa waliokuwa wakiishi Palestina kati ya 1 Juni 1946 na 15 Mei 1948 wakapoteza makazi na riziki kwa vita vya 1948. Kama marehemu alikuwa amesajiliwa, wanao wana haki yao wenyewe kupitia kwake, nawe unataka kuitupa ili uazime ya shemeji. Kinachokosekana ni karatasi: ndoa ithibitishwe katika mahakama ya kisharia, kisha uzazi uandikishwe serikalini kupitia mukhtari, yaani kiongozi wa mtaa, na kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja itabidi ufungue kesi. Ulizia msaada wa kisheria katika ofisi ya UNRWA. Elewa pia kwamba kusajiliwa si kupewa fedha. Hizo ni za familia maskini zaidi, ofisa wa ustawi wa jamii huja nyumbani kuona hali yenu, na mfuko wenyewe hutegemea wafadhili, ambao baadhi yao walisimamisha michango Januari 2024.

MamaWawili: Kesi itachukua miezi na shule haisubiri. Shehe amehamia Saida, na shemeji anataka jibu Ijumaa.

MsomajiDar: Mashahidi wa ndoa walikuwa akina nani?

MamaWawili: Mmoja amesafiri. Wa pili ni huyo huyo shemeji.

MsomajiDar: Basi akijiandika baba wa watoto, hataweza tena kuapa mahakamani kwamba baba yao ni kaka yake. Zungumza naye leo, usingoje Ijumaa.