Buruburu, Nairobi: makao ya wazee kwenye ploti ya kona (jumbe za kundi la majirani)

Mwenyekiti: Majirani, habari za jioni. Kwenye ua wa ploti ya kona limebandikwa tangazo la kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka makazi ya familia moja hadi makao ya wazee yenye vitanda 24. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inatupa nafasi ya kupeleka pingamizi kwa kaunti. Tafadhali kila mmoja aseme msimamo wake waziwazi.

Baba Neema: Mwenyekiti, mimi napinga, wala si kwa kuwachukia wazee. Barabara yetu haina pa kutokea upande wa pili, na jioni magari yakishaegeshwa kandokando hata lori la taka hutoka kinyumenyume. Ambulensi itapitaje? Tena mabomba ya majitaka yalilazwa miaka ya sabini kwa hesabu ya familia moja kila nyumba, na tangu watu waanze kuongeza vyumba vya kupangisha, shimo lililo mbele ya geti langu limefurika mara tatu mwaka huu. Maji nayo ni ya mgao.

Bi. Halima: Mimi linalonikera ni wazo lenyewe. Mzazi hulelewa na aliowazaa. Tukiwapeleka kwa wageni, tumewatupa.

Mama Otieno: Bi. Halima, niruhusu niseme la nyumbani kwangu. Mama mkwe aliingia mtaa huu mwaka wa 1978, na leo ana miaka 81. Mnazijua nyumba zetu: vyumba vya kulala na bafu viko juu, na ngazi ni nyembamba. Tangu avunjike nyonga mwezi wa Februari analala sebuleni, nyuma ya pazia nililolifunga kwa kamba kutoka kabatini hadi dirishani. Kila asubuhi kabla ya kazi namwogesha jikoni kwa beseni, naye hugeuza uso ukutani kwa haya mpaka nimalize. Baada ya hapo hubaki na msichana wa kazi ambaye hawezi kumwinua peke yake. Kijijini kwao Siaya hakuna aliyebaki wa kumtunza. Nampenda, nami nimechoka.

Bi. Halima: Pole sana, dada yangu. Sikujua.

Mwalimu: Halima mwanangu, nina miaka 74, na neno hilo la kutupwa nimelifikiria sana. Rafiki yangu tuliyefundisha naye alipelekwa kwenye makao yaliyo mbali nje ya jiji, safari ya matatu mbili na bodaboda. Nilimtembelea mara mbili tu kabla hajafariki, na hilo linaniuma hadi leo. Kutupwa ni kule. Hapa kwenye kona, mjukuu angeweza kumpelekea uji ungali moto. Katiba, Ibara ya 57, inasema mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Imetaja zote mbili. Na Ibara ya 260 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo wengi tuliohamia hapa tukiwa vijana ndio tunaozungumziwa.

Baba Neema: Mwalimu, shikamoo. Nimekusikia, na Mama Otieno amenigusa. Hata hivyo, majitaka yakifurika yatawafikia wazee hao kwanza. Sitapinga tena iwapo masharti yataandikwa: bomba lipanuliwe hadi njia kuu kwa gharama ya mjenzi, maegesho yawe ndani ya ua, tangi la maji litoshe siku kadhaa, na vyumba vyote vya kulala viwe chini. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nayo tuisome kabla ya kutia sahihi chochote.

Mwalimu: Marahaba. Hilo la vyumba vya chini liandikwe la kwanza.

Mwenyekiti: Basi nitaandika rasimu ya barua yenye masharti hayo, tuipitie Jumamosi saa kumi jioni. Nani atatukaribisha?

Mama Otieno: Njooni kwangu. Nimemsomea Mama jumbe hizi zote, naye anataka kuwapo, ila kutoka nje hawezi. Nitalifungua pazia.