Kuchaji Leaf nyumbani: soketi ya ukutani inatosha?

Mtabata: Wakuu, Nissan Leaf yangu, gari la umeme lenye betri ya kWh 40 kutoka Japani, inakaribia kutoka bandarini. Kutoka mainswichi hadi maegesho ni mita 30. Soketi ya ampea 13 itafaa?

FundiVolti: Kwa dharura tu, tena ampea 10 mwisho. Kuchaji ni mzigo wa saa nyingi mfululizo. Skrubu ikilegea, plagi inayeyuka. Betri tupu itataka saa 18 hivi. Vuta laini yake peke yake: kebo ya shaba ya milimita mraba 6, sakitibreka ya ampea 32. Kwa umbali huo utapoteza volti 7 hivi, si tatizo. RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) iwe aina ya A, miliampea 30, na chaja iwe na kinga ya uvujaji wa mkondo mnyoofu (DC) wa miliampea 6.

Koleo: Ile kebo ya kuchajia ya Kijapani inayokuja na gari huvuta hadi ampea 15. Mafundi wengi hukata plagi yake wakafunga ya ampea 13. Balaa! Funga soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16, baada ya kusoma kibandiko kama kebo inapokea volti 230.

Mtabata: Na ikigoma kuchaji?

FundiVolti: Kagua arthi kwanza.